Mama Alivyowafungia Wadudu Mlango

Maganda ya kahawa yakiungua hayanukii kahawa, msidanganywe. Yana harufu kali, yenye uchachu, inayokaa kwenye nywele hata ukioga. Nikiisikia leo narudi moja kwa moja Kihagara, kwenye nyumba yetu ya upande wa ziwani, ambako mama aliyafukiza kila siku kwenye kigae cha chungu ili kufukuza wadudu.

Tulikuwa tumeshuka kutoka Maguu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu anajaribu biashara, na baba naye akachoka kungojea malipo ya kahawa. Akafungua kiduka cha sabuni, chumvi na mitumba. Mama alimfuata shingo upande. Kule milimani wadudu wetu tuliwajua kwa tabia: viroboto, chawa, fukusi wa mahindi. Huku chini kila kilichoruka kilikuwa kigeni, na mama hakutaka kufahamiana nacho. Aliziba matundu ya chini ya paa kwa matambara na udongo, akamwaga majivu kizingitini, madirisha akayapigilia wavu. Mlango aliufunga jua lingali juu. Ukiuacha wazi utasikia, "We Kandida, umezaliwa pangoni?" Kandida ndiye mimi.

Mimi nilitaka kujua jambo moja tu: hao wadudu wanatafuta nini kwetu? Nikamuuliza baba.

"Wamesikia sifa za mama yako," akasema, akacheka peke yake.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Agnesi, Mnyasa mwenye sauti ya kusikika hadi majini. Tulipokuwa bado wageni alikuja na wenzake, wamejifunga vitenge kiunoni, nyuso zimeinama, wakabisha hodi taratibu. Kwao mlango haufungwi mchana ila kama kuna maiti ndani. Walikuja kuhani, wakatukuta tunakula maharage. Hawakurudi tena, walituona watu wa maringo. Mama akabaki hana wa kuongea naye, na siku moja nikamsikia akimwambia baba kwamba kama hakuna hata jirani wa kumwita mtoto akishikwa homa, yeye atafunga mizigo na kutupandisha Maguu. Mdogo wangu Kasiani alikuwa bado ananyonya. Niliogopa, kwa sababu nilikuwa nimeanza kulipenda ziwa.

Alasiri moja niliona moshi mweusi umesimama juu ya maji. Nikadhani mtumbwi unaungua. Watoto wa jirani wakapiga kelele, "Nkungu! Nkungu!" wakakimbilia ufukweni na vikapu. Mama akatuvuta ndani, akafunga mlango, akayawasha maganda yake. Mimi nikabandika uso dirishani, nikaona ule moshi unakuja kwetu, tena uko hai. Walikuwa vijidudu wadogo kuliko mbu, hawana idadi, na wavu wa mama wakaupita bila hodi. Wakajaa ukutani, kwenye uji, masikioni mwa Kasiani. Mama akamkumbatia mtoto, akapiga yowe, akaufungua mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Mama Agnesi akaingia, kikapu kilicholowa maji mkononi.

"Pole, Mama Kandida. Hawa hawaumi. Hiki ni kitoweo." Akaanza kuwapangusa ukutani, akiwasukumia kikapuni. "Ila dada yangu, mbona unafunga mlango mchana kama nyumba yenye msiba?"

"Msiba upo," mama akajibu.

Mama Agnesi akaacha kupangusa. Akamtazama mama, akamtazama Kasiani kifuani pake.

"Wa kwanza?"

"Wa kwanza."

Nilijua wanazungumzia wadudu. Nikaona mama amesema kweli, maana nkungu kama hawa hatukuwahi kuwaona.

Mama Agnesi hakuwabeba kwenda kwake. Waliokamatwa kwako huliwa kwako, alisema, akawaponda, akawafinyanga vibonge vyeusi na kuvipika kwenye mafiga yetu. Vilikuwa na ladha ya dagaa na ya udongo kidogo. Mama alikula amefumba macho, halafu akaomba kingine, na mimi nikashangaa kuliko nilivyowashangaa wadudu. Tangu hapo, jua likianza kushuka, Mama Agnesi alipita kwetu na kutuingiza ndani kwa ile sauti yake, kisha akaurudisha mlango yeye mwenyewe. Habari ya kurudi Maguu ikafa.

Nilikuwa mtu mzima nilipokwenda Maguu kumzika bibi, nikasikia wazee wanamwita mama "Mama Dafrosa". Nikamuuliza mama mkubwa Dafrosa ni nani, wakati mtoto wa kwanza ni mimi. Akanitazama kwa huruma. Dafrosa alishushwa ziwani mgongoni mwa mama, mama alipokwenda kuuza maharage, akaumwa na mbu wa huko. Alirudi na homa, akazikwa nyuma ya mibuni kabla mimi sijazaliwa.

Utoto wangu wote nilijihesabu wa kwanza. Kumbe nilikuwa wa pili, na ule mlango ulifungwa ili nibaki.