Mama Gody na Mama Recho Waenda Mwanza kwa Miguu

Gaudensia, ambaye sisi wa mtaa wa Kitaji tunamwita Mama Gody, anashona sare za shule. Ukipita bandani kwake asubuhi utamkuta ameinamia cherehani, ukirudi jioni utamkuta vilevile, na mgeni anaweza kudhani mama huyu alizaliwa ameketi. Mwenyewe alikuwa akisema miguu yake inajua kazi moja tu, kukanyaga cherehani. Kwao ni Nyegina, kijiji cha karibu na ziwa. Amekuwa mjane muda mrefu, akamlea Gody peke yake mpaka kijana akapata karakana yake ya kuchomelea mageti kule Bunda, akaoa.

Kilichomtoa kwenye kiti ni ugonjwa wa mtu mwingine. Gody alimwoa Recho, na mama yake Recho, Wegesa, anakaa Bweri na mume wake Mniko, ingawa asili yao ni watu wa ng'ombe wa Bugwema. Wegesa alipimwa akakutwa na sukari. Nesi akamwambia atembee kila siku. Akaja kwa Gaudensia amekasirika.

"Mkwe, nitembee nikitafuta nini? Watu wataniuliza ng'ombe gani amepotea."

"Nitakusindikiza," Gaudensia akamjibu. "Wakituona wawili watafikiri tunaenda msibani."

Ndivyo walivyoanza. Mwanzoni walikuwa wakizunguka Bweri na kurudi. Baadaye wakafika mpaka Nyegina, wakasali misa, wakanywa uji kwa ndugu zake Gaudensia na kurudi kwa miguu. Walikuwa wakitembea wanaongea habari za watoto: Gody kapata kazi ya geti la shule, Recho kabadilisha mapazia. Mvua zilipokwisha, Nyegina ikawa karibu mno.

Kila mwaka Oktoba huwa tunasikia habari za watu wanaotembea kutoka Butiama hadi Mwanza kumuenzi Baba wa Taifa, na bendera zao, na gari linawafuata nyuma. Siku moja Wegesa akasema, "Wale wana gari. Sisi twende bila gari." Alisema kwa utani. Gaudensia akacheka, lakini kesho yake aliweka sare za watu pembeni akaanza kukata turubai.

Alishona mabegi mawili ya mgongoni. Mikanda akaijaza sponji aliyoitoa kwenye godoro kuukuu, ubavuni akaweka mifuko ya chupa za maji. Wegesa alitaka kwenda na katambuga zake za tairi, kwa kuwa ndizo miguu yake ilizozoea, lakini nesi alimkatalia: mwenye sukari asitembee vidole vikiwa nje. Wakaenda sokoni kwenye mitumba, wakajaribu raba mpaka muuzaji akachoka. Wegesa alipata za bluu, akazivaa ndani ya nyumba wiki nzima ili zimzoee, akipika nazo, na hata kuketi kwenye kochi nazo. Wakakausha michembe ya viazi vitamu, wakakaanga karanga na dagaa.

Mniko hakupinga. Aliuliza tu, "Mke wangu anaenda Mwanza kwa miguu na mabasi yapo. Watu nitawaambia nini?"

"Waambie nimeenda Mwanza," Wegesa akamjibu.

Gody naye alipiga simu kutoka Bunda. "Mama, mnachangisha nini?"

"Hatuchangishi."

"Ni nadhiri?"

"Siyo nadhiri."

"Sasa ni nini?"

"Tunatembea, mwanangu. Tutapita kwako, uweke maji ya moto."

Simu ikakatika. Mama yake alidhani ni mtandao.

Haikuchukua muda Recho akarudi Bweri na mabegi yake. Yeye na Gody walikuwa wamekaa pamoja miaka mitatu na hawakuwa wamejaliwa mtoto. Wengi wakasema hapo ndipo penye chanzo. Gody akasema sivyo, Recho akasema sivyo, na zaidi ya hapo hakuna aliyefungua mdomo. Kikao kikafanyika kwa Mniko. Wazee wa pande zote walianza vizuri, kwa dua na soda, lakini katikati ya maneno kaka yake Gaudensia akatamka neno kuhusu uzazi wa Recho, neno la kutosemwa mbele ya mama mtu. Wegesa akasimama, akatoka, hakurudi. Ng'ombe wa mahari wakarudishwa, na mambo yakaisha hivyo.

Wakwe hawa wawili hawakupigiana simu tena. Isingekuwa rahisi, na wala hapakuwa na desturi ya kuwaelekeza. Waliounganishwa na watoto, watoto wakishaachana, wao wanabaki nani? Begi la Wegesa lilining'inia kwenye msumari bandani. Wateja wawili watatu waliliulizia, Gaudensia akawaambia lina mwenyewe.

Lakini hakuacha kutembea. Alijaribu kuacha, miguu ikamuuma kwa kukaa. Jumapili moja alikuwa akirudi kutoka Nyegina peke yake, akaona mbele yake mwanamke anakuja upande wake, mwendo wa kukaza, raba za bluu. Hakukuwa na njia ya kukatia. Wakasimama kila mmoja upande wake wa barabara.

"Kumbe bado unatembeaga," Wegesa akasema.

"Natembeaga. Na wewe?"

"Nesi hakusema nitembee mpaka watoto waachane."

Pikipiki ikapita, wakasubiri vumbi litulie. Gaudensia akavuka. "Lile neno la kaka yangu," akasema, "mimi nilikaa pale nikanyamaza."

"Ulinyamaza."

"Nilipaswa kumzuia."

"Ulipaswa," Wegesa akasema. Aliangalia mihogo ya watu shambani kana kwamba anataka kuinunua. Kisha akauliza, "Begi langu liko wapi?"

"Lipo."

"Hujaliuza?"

"Ningemwuzia nani? Mikanda nimeipima kwa mabega yako."

Wakarudi mjini pamoja. Njiani wakapatana jambo moja: wakienda Mwanza, mambo ya watoto wayaache Bweri.

Waliondoka alfajiri ya siku ya kawaida katikati ya juma, kwa sababu Wegesa hakutaka watu wa kanisani wamwage maombi barabarani. Mniko aliwasindikiza akikokota baiskeli. Recho alitoka nje na kanga begani. Alipomwona Gaudensia hakujua afanye nini na mikono yake. Kisha akapiga goti kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mke wa Gody.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Recho akainama zaidi akamkazia kamba za raba, moja baada ya nyingine, ingawa hazikuwa zimelegea. Gaudensia akamwekea kiganja kichwani. Binti hakusubiri neno. Aliinuka akaingia ndani.

Mniko alifika nao mwisho wa nyumba, akasema, "Haya, mkifika mpige simu," akageuza baiskeli kama mtu aliyesindikiza wageni wa kawaida. Baada ya hapo wakabaki wawili na barabara. Jua lilipanda upande wa kushoto, mawe makubwa yale yaliyorundikana juu ya vilima yakaanza kuonekana rangi zake, na watoto wa shule wakawapita wakikimbia, wakawaamkia, wakageuka nyuma kuwatazama tena.

Hawakuwa wamefika mbali Wegesa aliposimama, akavua begi, akaviringisha kanga yake ikawa kata, akaliweka begi kichwani. Akaanza kutembea wima, mikono inaning'inia, mwendo ukaongezeka.

Gaudensia aliumia moyoni. "Mama Recho! Hilo ni begi la mgongoni. Sponji ile nimeiweka ya nini?"

"Ni zuri sana," Wegesa akasema bila kugeuka. "Lakini mgongo ni wa mtoto. Mzigo ni wa kichwa."

Gaudensia alivumilia mgongoni mpaka jua likawa la utosi. Mabega yakawaka moto. Walipopumzika kwenye kivuli cha duka la dawa za ng'ombe na chumvi, alijifanya anakunja kanga yake, na walipoinuka nalo la kwake likawa kichwani. Wegesa aliliona, akamnyooshea tu chupa ya maji.

Siku ya kwanza waliishia Makutano, ya pili wakaingia Butiama, wakalala kwa Dorkas, ndugu yake Wegesa, aliyewachemshia maji ya chumvi ya kukandia miguu. Kila aliyewaona aliuliza wanatembea kwa ajili ya nani. Dorkas peke yake hakuuliza hilo. Aliuliza kama wanakoroma, kwa sababu kitanda ni kimoja.

Kutoka Butiama waliitafuta tena lami kuelekea Kiabakari, na hapo Wegesa akapunguza maneno. Kadiri Bunda ilivyokaribia ndivyo alivyozidi kunyamaza. Gaudensia alijua sababu. Kwa kina Wegesa, mama hakai na mkwe wake wa kiume. Haingii chumba anacholala, hali chakula mbele yake, hatamki jina lake. Miaka mitatu yote Gody alikuwa akiitwa "yule wa Bunda," kana kwamba Bunda nzima ina mtu mmoja. Alipokuwa akija Bweri, alikuwa akisimama mbali akiangalia pembeni, na Wegesa akiwa jikoni anamwulizia hali kupitia kwa watu wengine.

Jioni wakiwa wameshaiona milima ya Balili, Gaudensia akajikaza. "Tutapita kwake. Lakini wewe unaweza kulala kwa jirani yake, Agness. Ni mjane, ana chumba."

"Mm."

"Au kama unataka kuingia... maana sasa si mkweo tena."

Wegesa akaliweka sawa begi kichwani. "Sijui. Hilo hakuna aliyenifundisha. Walinifundisha namna ya kumwogopa. Namna ya kuacha kumwogopa hawakunifundisha."

Karakana ya Gody ilikuwa bado wazi. Waliketi nje kwenye ubao, katikati ya mageti yaliyosimamishwa yakisubiri rangi. Gody alizima mashine, akavua miwani ya kuchomelea, akamwona mama yake akatabasamu, halafu akamwona aliye pembeni yake. Akarudi nyuma hatua mbili, akageuza uso kwenye ukuta, kama zamani. Mafundi wengine wakajishughulisha na nyundo.

"Gody," Wegesa akaita.

Gaudensia anasema aligeuka kumtazama. Hakuwahi kulisikia jina la mwanawe kwenye mdomo ule.

"Gody, sogea. Siwezi kupiga kelele barabarani."

Kijana akasogea, macho chini. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Recho ni mzima. Mwanzo alikuwa analia. Sasa halii."

"Nashukuru, mama."

"Na wewe?"

Gody akajifuta mikono kwenye suruali. "Nipo," akasema.

"Umekonda. Uwe unakula." Akajinyanyua, akashika begi lake. "Haya. Nionyeshe kwa huyo Agness."

Gody ndiye aliyelibeba lile begi mpaka mlangoni kwa Agness, akaliweka, akarudi. Gaudensia alienda bombani kunawa uso, akanawa kwa muda mrefu. Alifurahi kwamba Wegesa amezungumza na mwanawe, na hapohapo alijua ndoa ile ilikuwa imevunjika rasmi zaidi wakati ule, kwa kutajwa jina, kuliko hata siku ng'ombe waliporudi. Alilia kidogo. Alipotoka, maji ya moto yalikuwa tayari, mabeseni mawili, na moja Gody akalipeleka kwa jirani.

Asubuhi waliaga. Gody aliwawekea mkate na mayai ya kuchemsha, akasimama na mafundi wake barabarani mpaka walipopotea.

Mwanza walifika, tena salama, ingawa Gaudensia aliacha kucha moja ya dole gumba Magu na walirudi na basi wamelala mwanzo mwisho. Lakini ukimwuliza safari, hatakusimulia Mwanza. Atakusimulia ile siku ya kutoka Bunda kuelekea Lamadi. Barabara ni tambarare, hewa ina harufu ya nyasi, upande mmoja ni hifadhi. Walitembea kimya, kwa sababu habari za watoto ndizo zilizokuwa habari zao zote, na sasa zilikuwa zimekwisha. Ziwa lilipojitokeza upande wa kulia, jeupe kwa jua, Wegesa akalitazama.

"Hivi wewe, mtu wa ziwani," akasema, "unajuaga kuogelea?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Maji yakifika magotini naita watu."

Wegesa akasimama katikati ya njia, akalishusha begi chini kwa mikono miwili, akacheka mpaka akaketi juu yake.