Fundi wa Kwenye Karatasi

Abeke Oyelaran alikuwa mpika chai wa kiwanda kimoja cha biskuti mjini Ibadan, na kwa miaka saba hakujua kwamba kwenye karatasi za serikali yeye ni fundi. Aliambiwa asubuhi ya ukaguzi, trei ikiwa mkononi.

"Iya Sunkanmi, hebu funga mlango," alisema Alhaji Gbadegesin, mwenye kiwanda, akimwita Abeke kwa jina la mwanawe huku jasho likimtiririka. "Afisa wa uhamiaji yuko njiani. Kibali cha Thankappan kinakwisha Ijumaa."

Kibali cha mgeni kilikuwa na sharti lake: awepo Mnaijeria anayejifunza kazi kwake, na mwanafunzi akifuzu, mgeni afungashe virago. Alhaji, kwa ubahili wake, hakuajiri mwanafunzi. Aliandika jina la mpika chai, akapiga mhuri, akalala usingizi mnono.

"Sasa sikiliza. Ukionekana hujui kitu, tumeghushi, Thankappan anafukuzwa. Ukionekana unajua kila kitu, umefuzu, anafukuzwa vilevile. Wewe jua nusu."

"Nusu nitaipimaje, Alhaji? Kwa kikombe?"

"Usinichezee leo, mama!"

Alhaji hakumtisha hata kidogo. Aliyemkata maini ni Thankappan, fundi wa tanuri, Mhindi mpole ambaye mkewe huko kwao alikuwa akitibiwa figo kwa mshahara huu huu. Tena Abeke tanuri alikuwa akilijua! Mpweke yule alimfundisha kidogo kidogo kila alipoletewa chai, maana hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye. Alhaji hakuwa na habari.

Afisa Nwachukwu akaingia chumba cha tanuri, walikokuwa wakimngoja pamoja na Thankappan, akamtazama Abeke na aproni yake kutoka juu mpaka chini.

"Ndiye huyu? Haya, fundi, tanuri lina vyumba vingapi vya moto?"

"Vitano, oga," akajibu, kwa heshima ya kumwita mkubwa.

"Cha tatu kinafanya nini?"

Abeke akaikumbuka nusu yake. "Hapo... bado najifunza."

Afisa akaangua kicheko. "Mama, tusidanganyane. Kazi yako ni sukari na maziwa. Wamekuandika tu hawa, nawe umefuata kama kondoo." Akafungua kalamu. Thankappan akafumba macho.

"Mkanda unakwenda kushoto," Abeke akasema.

"Unasema?"

Abeke akaelekeza kidole kwenye mkanda unaopitisha biskuti tanurini. Kweli, biskuti za pembeni zilikuwa zimeanza kuungua. Akachukua spana, akalegeza rola robo mzunguko, akangoja, akakaza. Mkanda ukarudi katikati. Kalamu ya afisa ikasita, na Thankappan akaanza kupumua. Nusu ilikuwa imetimia jamani, laiti mama wa watu angenyamaza hapo!

"Umebahatisha," afisa akasema. "Hata mbuzi hupiga teke mlango ukafungika."

Lo! Miaka saba ya kuitwa mama chai ikampanda kichwani kwa mpigo mmoja.

"Nimebahatisha? Chumba cha tatu ndicho kinachoivisha biskuti ndani! Unga ukipata unyevu wa mvua, lazima ukipunguze moto nyuzi kumi, la sivyo zinapasuka zote. Na Ramadhani iliyopita, huyu alipolala na malaria siku nne kule stoo, tanuri hili liliendeshwa na nani? Jini? Mimi! Kuna aliyejua? Hakuna!"

Afisa akaandika kwa muda mrefu, safari hii bila kucheka.

"Hongera, fundi," akasema. "Umefuzu. Sasa mgeni wa kazi gani? Ana siku kumi na nne za kuondoka."

Alhaji akamfuata mbio nje, akibembeleza. Abeke akamgeukia Thankappan, spana bado mkononi.

"Bwana Thankappan, nisamehe. Mimi nilitaka..."

"Nilikuwa nimeokoka," Thankappan alisema taratibu. "Kalamu iliposita, nilikuwa nimeshaokoka. Kwa nini uliendelea?"

Abeke akatafuta jibu la kumpa, lolote lililo bora kuliko ukweli, akalikosa.

"Alinicheka," akasema.