Mama wa Mbuzi Jasiri

Mama anayesomea watoto vitabu kando ya soko la Walikale, mji wa Kongo usioishiwa milio ya risasi, hulamba kidole gumba kabla ya kufunua kila ukurasa, hata ule wa kwanza. Askari wote wa vitabuni huwapa sauti ya kuku anayetafuta pa kutagia, na watoto hucheka mpaka kushika mbavu. Jana alikuwa kwenye kisa cha mbuzi asiyeogopa vita, mara tairi la lori likapasuka barabarani, paa! Kabla sisi wengine hatujajua tulale upande gani, yeye alishafika chini ya meza, kitabu mkononi, bado anasoma: “Mbuzi akasimama imara…”

“Mama,” akauliza Aimée, naye kajilaza matopeni, “mbuzi haiogope, juu ya nini weye unaogopa?”

Akalamba kidole, akafunua ukurasa.

“Mbuzi iko mu kitabu, mutoto wangu. Miye niko Walikale.”