Nyuso Tatu za Shangazi Nuru

"Mutu mumoja, vichwa vitatu! Mounira, mimi nilikukosea nini?"

Shangazi Nuru alikuwa ameishika telefone mbali na macho yake, kama mtu aliyemshika panya kwa mkia.

"Si vichwa vitatu, Shangazi. Njo kichwa kimoja kilichogeuka mara tatu."

"Kiligeuka wapi? Kilikuwa juu ya shingo yangu, mimi njo najua!"

Rachida, bibi harusi wa Ijumaa, alikuwa amelala chali mkekani, anacheka mpaka machozi yanaingia masikioni. "Cha kati njo kizuri, Shangazi. Hivi vingine viwili tuwape wakwe."

"Funga kinywa! Na wewe Mounira, Ijumaa nitamwita Evariste wa kule Wamaza. Yeye akipiga foto, mutu anatoka mutu."

Neno hilo lilimchoma Mounira kuliko pilipili. Rachida alikuwa binamu yake, wamekula sahani moja tangu utoto, na harusi ile aliitaka kuliko harusi yake mwenyewe. Tena ilikuwa harusi ngumu. Katika nyumba ile, bibi harusi havuki kizingiti mpaka wageni wamalize maulidi uani. Yeye yuko ndani gizani, watu wako nje juani. Wapiga foto wote walishindwa na mlango ule: ama bibi harusi alitoka makaa, ama wageni walitoka unga. Foto ya harusi ya Shangazi Nuru mwenyewe ilikuwa mlango mweusi na meno, basi. Mume wake, Mungu amrehemu, aliyabusu meno yale miaka yote.

Mounira aliingia kazi ya foto kwa kupeleka mchele Salamabila, amekaa juu ya magunia, magunia juu ya moto, yaani pikipiki, na moto juu ya matope. Huko Mugisho, mnunuzi wa dhahabu, alikuwa na apareyi ya kupiga foto aliyoichoka, na siku hiyo alikuwa na njaa. Wakabadilishana. Tangu siku hiyo Kasongo ikawa na mpiga foto mwanamke: watoto wachanga, timu za mpira, na vijana wanaoegemea moto ambazo si zao.

Halafu juzi juzi, pale kilimani panapokamata rezo ya mtandao, akaona ku telefone kitu kinachoitwa HDR. Hakuuliza herufi zile ni za nani. Aliona kazi yake. Apareyi inakaa juu ya miguu mitatu, haitikisiki, inapiga foto tatu za kitu kile kile: moja ya giza, ili jua lisiunguze, moja ya kati, na moja ya mwanga mwingi, ili kivuli kitoe kilichomo. Kisha telefone inazipokea, inazipika chungu kimoja, kila moja ikichotwa pale ilipoiva.

Mounira akalewa bila pombe. Alijaribia kuku, kuku hakutulia, akatoka na miguu mingi hata angeweza kwenda Kabambare na kurudi kabla ya magharibi. Alijaribia wingu, likatoka jeusi la kutisha, na wanawake wawili walioliona ku telefone wakakimbia kuanua mpunga wao.

Leo alimketisha Shangazi mlangoni, Rachida nyuma yake gizani, na mpunga uliotandazwa uani. "Musitikisike," akawaambia. Lakini njia inapita kando ya ua, na kabla foto hazijaisha mtu akapita kulia: "Asalamu alekum!" Mwingine akapita kushoto naye akasalimu. Nyumba gani ya Kasongo inaacha salamu izurure njiani kama mbuzi asiye na mwenyewe? Shangazi aligeuka akajibu huku, akageuka akajibu kule: ndivyo vichwa vitatu.

"Unipe mara moja tu, Shangazi," Mounira aliomba. "Ikitoka mbaya, miye mwenyewe nitamwita Evariste."

"Na salamu za watu?"

"Usijibu kwanza."

"Nisijibu! Waseme Nuru amekufa ameketi?"

"Jaza maji ku kinywa," Rachida akasema. "Mwenye maji kinywani hana kosa."

Shangazi akajaza. Akamwangalia Rachida. Rachida akavimbisha mashavu. Maji yakaruka, na wanasema watu wa kule Lusangi walidhani mvua imeanza.

Akajaza tena. Mara akapita Hamadi, mchuuzi wa vitenge, na baiskeli yake. "Asalamu alekum, Mama Nuru!" Kimya. "Mama Nuru? Umenikasirikia?" Mashavu yalijaa, macho yakatoka, lakini shingo haikugeuka. Apareyi ikalia, ikalia, ikalia. Hapo Shangazi akameza, akajibu "Alekum salamu!" kwa sauti iliyomwangusha Hamadi mtaroni, vitenge juu, yeye chini.

Mounira akaziunganisha foto ku telefone. Ikafunguka. Nje, jua lilikaa juu ya mpunga bila kuuchoma. Ndani, uso wa Rachida ulionekana wote, hata mistari ya hina vidoleni. Na mlangoni Shangazi Nuru, mashavu kama mpiga tarumbeta, lakini kichwa kimoja.

Shangazi aliisogeza telefone karibu na macho. Akagusa kioo kwa ncha ya kidole.

"Kumbe mulango wetu uko na ndani," akasema polepole. Kisha: "Ijumaa ni wewe. Evariste abaki na Wamaza yake."

Mounira alipiga kigelegele, akamzungusha Shangazi mpaka kilemba kikaanguka. Rachida ndiye aliyebaki na telefone, akiivuta foto kwa vidole viwili.

"Shangazi, nini hii nyuma ya magunia?"

Katika kona ambayo jua halikuijua tangu nyumba ijengwe, sufuria kubwa ilikuwa inang'aa, na kitambaa chekundu cha alama kimefungwa kwenye mshikio wake. Ilikuwa ya jirani, Marie-Jeanne. Kisimani, mbele ya watu, Shangazi Nuru alikuwa ameapa kwamba amekwisha kuirudisha.

"Nilirudisha!" akasema. "Yaani... nilifikiri nilirudisha. Mounira, mwanangu, rudisha giza hapo kwa kona."

"Haiwezekani, Shangazi. Kona ikiwa giza, na Rachida anakuwa giza."

"Kidogo tu! Hata sufuria nusu! Ao namwita Ev—"

"Hodi!" Marie-Jeanne alikuwa amekwisha kuingia, anajifuta mikono kwa kitenge. "Munacheka mpaka kwangu kunasikika. Mounira, lete na miye nione hiyo foto."

Shangazi Nuru akajaza maji kinywani.