Kingi Hachezi

Kila Jumapili, katika kambi yetu ya wafanyakazi wa mgodi mjini Élisabethville, baba yangu, fundi mwashi, aligeuka mfalme. Chama chetu cha ngoma ya mbeni kilimchagua kuwa kingi, kikampa kofia yenye manyoya ya jogoo na kiti cha peke yake. Mama akawa kwini. Mimi, binti wa mfalme, nikatangaza kwamba sioshi tena sufuria. Kwini akaniongezea mbili.

Sheria ilikuwa moja: raia wanacheza, kingi anakaa tu, amenuna. Baba alivumilia Jumapili tatu. Ya nne, wapiga ngoma wakaanza mdundo wa kijijini kwa kina baba, nikaona kisigino chake kinatikisika. Mama akamshika koti, akimvuta arudi kitini: "Baba, ikala! Weye uko kingi!" Akabaki na koti mkononi. Baba alikuwa tayari katikati ya uwanja, anatimua vumbi.

Walimvua ufalme palepale. Nililia kwa hasira. Nani angenipigia saluti tena? Lakini Jumapili iliyofuata baba na mama walicheza hadi wakalowa jasho, mbele ya kingi mpya. Nikamkazia macho mheshimiwa huyo. Alikuwa amenuna kama sheria inavyotaka, ila kisigino chake kilikuwa kinatikisika.