Doa la Mshtarii

Mtaani walimwita Bwana Sayari, na jina lenyewe halikumkera. Kwa kazi alikuwa kinyozi, mwenye duka la viti viwili na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Kwa wazimu, kama mkewe alivyouita, alikuwa mpiga picha wa sayari. Ukikaa kwenye kiti chake ukamwuliza kuhusu bei ya petroli, atakujibu habari za Zohali na pete zake, na kubisha huwezi, maana wembe uko shingoni mwako.

Jua likizama alifunga duka, akapanda kwenye paa la zege la nyumba yake, akasogeza nguo zilizoanikwa na kuisimamisha darubini. Watu hudhani sayari hupigwa picha moja, basi. Wapi! Hewa ya juu hutetemeka kama maji yanayokaribia kuchemka, kwa hiyo unarekodi video, kisha kompyuta inachagua vipande vilivyotulia na kuvipanga kimoja juu ya kingine mpaka sura ya sayari ijitokeze. Ni kazi ya kuchambua mchele, kwa ufupi. Na kabla ya kufunga kamera lazima ulenge kwa jicho. Yeye alilengea la kulia, la kushoto amelifumba. Mazoea hayo yalimganda hata mbele ya kompyuta, hata akimnyoa mtu ndevu.

Basi jioni moja Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote, alikuwa amesimama juu ya tangi la maji la jirani. Kinyozi akaona doa katikati yake, doa dogo la kijivu. Alikuwa amesoma kwamba mawe ya angani huigonga sayari hiyo na kuiachia kovu, na mara nyingine anayeliona kwanza ni mtu wa kawaida tu aliye kwenye paa lake. Alitaka kuwatangazia wapiga picha wenzake mtandaoni, halafu woga ukamshika. Je, kama ni vumbi? Wangemcheka mpaka azeeke.

Vumbi lina dawa yake: unaigeuza kamera. Doa likigeuka nayo ni uchafu, likibaki ni la sayari. Akaigeuza, doa likabaki palepale. Lakini furaha haikukaa, kwa sababu Mshtarii hujizungusha upesi, na doa la kweli lingesogea naye kuelekea ukingoni. Akasubiri huku akiuma kucha. Lile waa jekundu ambalo Mshtarii huwa nalo siku zote likasogea, doa lake halikusogea. Lilikuwa katikati ya popote alipotazama.

Doa lisilo la kamera wala la sayari ni la nani? Mtu mzima hahitaji kuambiwa. Lakini binadamu, we acha tu! Kesho yake aliifungua darubini akaosha kioo chake, ilhali alijua fika kwamba kioo hakihusiki. Akabadilisha waya. Akaulaumu moshi wa jiko la jirani. Alipochoka kumsingizia Mshtarii akamgeukia Zohali, na doa likahamia naye huko.

Dukani mambo yakaanza kwenda kombo. Fundi bomba, mteja wake wa miaka mingi, alijitazama kwenye kioo akauliza kama amenyolewa au amelimwa. Duka zima likacheka, na kinyozi akacheka nao. Tangu hapo wembe akauweka kando, akatumia mashine tu, akidai nyembe za siku hizi hazina ubora. Aliogopa, huo ndio ukweli. Nani atampa shingo yake kinyozi asiyeona? Kazi nyingine hakuijua, na kila alipolala wazo hilo lilimwamsha. Hata hivyo hospitali hakwenda, kwa sababu daktari angelitaja jambo lenyewe, na likishatajwa lingekuwa kweli.

Siku moja akamwita mkewe aje aone picha. Mke akainama mbele ya kompyuta, akasema ni nzuri. Kinyozi akamwekea kidole pale katikati na kumwuliza haoni doa. Hakuona. Kinyozi akapandisha hasira, akamwambia sayari si fani yake. Mkewe alimtazama alivyofumba lile jicho moja, akalielewa jambo. Akamwambia alifumbue, kisha akaliziba la kulia kwa kiganja chake.

Mshtarii alikuwa safi kama sahani iliyooshwa.

"Kinyozi hajinyoi, mume wangu," mkewe alisema. "Kesho tunakwenda hospitali."

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mpole, asiye na haraka. Alimkalisha kinyozi mbele ya mashine, akamwambia aweke kidevu hapa, asipepese. Mwanga ukawaka. Kwenye skrini pakatokea duara jekundu lenye mishipa, juu ya weusi mtupu, na karibu na katikati palikuwa na doa. Miaka yote hiyo alikuwa anapiga picha, leo amepigwa yeye.

"Samahani, daktari," alisema. "Huenda ni vumbi la kamera yako."

Daktari hakuudhika. Alifuta lenzi, akapiga tena. Doa likarudi palepale.

Akawaeleza kwamba maji yamevuja nyuma ya jicho, mahali hasa pa kuonea, na kwamba jicho la kushoto ndilo limekuwa likimfichia siri mwenzake. Kama ni jambo la siku chache, sindano hulirudisha jicho vizuri. Kama limekaa, wataokoa kitakachookoka. Kisha akauliza aliliona lini mara ya kwanza.

Kinyozi aliinamisha kichwa. Tarehe hakuishika, alishika anga.

"Mshtarii alikuwa juu ya tangi la jirani," alisema.

Daktari akamgeukia mke, akauliza hiyo ni zamani kiasi gani. Mke hakujua hesabu za sayari, lakini ndiye aliyeanika nguo kwenye paa lile kila siku. Tangi lilikuwa upande wa macheo. Na jana jioni, akianua shuka, alikuwa amemwona Mshtarii akizama nyuma ya mnara wa simu, upande wa pili kabisa, safari ya miezi, si ya siku chache.

Akaushika mkono wa mumewe.

"Zamani sana, daktari," alisema.