Baba Ajifunza Kutua

Baba yangu aliendesha malori ya watu maisha yake yote, na hakuna siku aliyorudisha lori likiwa na mchubuko ambao hakuondoka nao. Alilifikisha uani kwa tajiri limeoshwa, tangi limejaa, hata mkeka wa chini ya miguu umekung'utwa. "Cha mtu ni cha mtu," alikuwa akisema. "Ukipewa kizima, kirudishe kizima." Sisi watoto tulilishwa maneno hayo pamoja na uji. Ukiazima sufuria kwa jirani uliisugua mpaka mwenyewe akashangaa kama ni yake. Alipostaafu alinunua pikapu kuukuu, na nikiiazima kubebea karatasi za dukani kwangu, jioni huizunguka yote akitafuta mkwaruzo kabla hajaniuliza nimeshindaje.

Tulikuwa wawili, mimi na kaka yangu. Kaka alipewa jina la babu, kwa hiyo Baba hakulitamka jina lake hata siku moja. Alimwita "baba", kama wazee wengi wanavyowaita wana waliobeba majina ya baba zao. Ungekuta mtu mzima na masharubu yake anamwambia mtoto wa darasa la tano, "Baba, niletee maji," mgeni asijue nani kamzaa nani.

Kisa cha baiskeli lazima nikisimulie, maana bila hicho huwezi kumwelewa huyu mzee. Kaka aliazima baiskeli ya fundi viatu wa mtaani kwetu, na akiwa kwenye mteremko breki zikakatika. Chini ya mteremko palikuwa na ukuta wa mawe. Mtoto mwenye akili zake angejirusha kwenye majani, baiskeli ikajue yenyewe huko mbele. Kaka akaing'ang'ania. Alikata kona akaiingiza kwenye ua wa miiba, yeye mbele, baiskeli nyuma yake. Alifika nyumbani shati limeraruka, damu inamchuruzika mpaka kwenye soksi, anakokota baiskeli isiyo na hata alama. Baba aliizunguka baiskeli kwanza. Hilo nalikumbuka vizuri: baiskeli kwanza. Kisha akampiga kaka begani, akasema, "Huyu ndiye dereva," akamnunulia soda, na kwa miaka mingi hakuna mgeni aliyeondoka kwetu bila kusimuliwa.

Mama alikuwa anamchomoa miiba kwa pini. "Mtoto kachanika hivi, wewe unasifia chuma," alisema.

Baba alicheka. "Samaki mkunje angali mbichi, mama watoto."

Kaka akakua, akawa rubani wa ndege za kivita. Baba alivimba kichwa, sisemi uongo. Alikuwa akiwaambia madereva wenzake kwamba mwanawe naye anaendesha gari la watu, ila lake halina foleni.

Ndege ya kaka ilianguka asubuhi moja ya jua kali, uwanja ukiwa mbele yake, kwenye shamba lililolala bila mazao. Ofisa aliyekuja kutueleza alikaa ukingoni mwa kochi, kofia magotini. Alisema injini ilizima wakati kaka anakuja kutua. Alisema kiti cha ndege ile kina mpini, ukiuvuta kinakurusha nje na mwavuli wako, na kiti cha kaka hakikuwa na hitilafu. Mpini haukuvutwa.

"Kwa nini hakuruka?" Baba aliuliza.

"Labda aliona anaweza kuifikisha, mzee."

Baba akaitikia kwa kichwa. Mama alinyanyuka akaenda jikoni, na nilimsikia akifungua bomba la maji na kuliacha limwagike. Tangu siku ile wazazi wangu waliongea mambo ya chumvi na sabuni tu.

Miezi kadhaa baada ya kuzika, Baba alikuja dukani kwangu, ambako nachapa na kunakili nyaraka za watu, akasimama mbele ya kompyuta zangu kama mteja.

"Nasikia kuna mchezo wa kurusha ndege. Ule wa kweli kweli."

Nilimpandishia sauti. Nilimwambia watu wamefiwa, yeye anataka michezo. Nilimwambia hajalia hata chozi moja mbele yetu, na sasa anataka kuchezea kitu kilichomuua mwanawe. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. "Nataka kujua kama ingefika," akasema. Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nilielewa papo hapo. Kama ndege ile ingeweza kufika, basi kaka aliamua vizuri, akakosa bahati tu. Kama haingefika, basi kuna kitu kilichomzuia kuvuta mpini, na Baba alijua mwenyewe ni kitu gani, na nani alikipanda.

Nikampa kompyuta. Tuliiweka chumbani kwa kaka, pamoja na fimbo ya kurushia, pedeli za miguu na mpini kama ule wa kiti. Aliyetufungia vyote hivyo na kumfundisha alikuwa rubani mwenzake kaka, rafiki yake wa kufa na kuzikana, ambaye cheo chake kilishageuka jina: Meja. Siku ya kwanza Baba alivaa viatu vya kazini, akaketi wima, akakagua skrini yote.

"Mbona haina saidi mira?"

Meja alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaendelea kuyafuta ingawa kicheko kilikuwa kimekwisha.

Alimfundisha kwa ukali, kama wanavyofundishwa wao. "Watu wa michezo huitua kama wanabwaga gunia la viazi," alisema. "Sisi hatusukumi pua chini. Pua unaiacha juu kidogo, unashuka kwa injini. Ukipunguza moto unashuka, ukiongeza unabaki."

"Kama kushuka mlima na gia namba mbili."

"Hapo hapo, mzee. Na ukishagusa, usikimbilie breki. Acha pua juu, upepo uikamate kifuani mpaka ipungue mwendo yenyewe. Ndipo uilaze pua, ndipo ukanyage."

Baba alilipenda hilo. Maisha yake yote aliwagombeza vijana wanaomaliza matairi kwa breki. Pembeni ya kioo cha ndege kulikuwa na taa ndogo: ya juu ikiwaka unakwenda taratibu mno, ya chini ikiwaka una kasi mno, na ya katikati, duara la kijani, ndiyo salama. Alikuwa akilitafuta duara lile ulimi umetoka nje kama mtoto anayetunga uzi kwenye sindano.

Sheria kubwa ya Meja ilikuwa moja. Kompyuta ina kitufe cha kuanza upya, Meja alikikataza. "Ukianguka, umeanguka. Zima, toka nje, urudi kesho. Angani hakuna kuanza upya." Baba aliishika sheria hiyo kama amri ya dini. Akianguka alizima, akavuta kiti nyuma, akaenda kukaa barazani akitazama mikono yake. Mama, ambaye hakuwa amekanyaga chumba kile tangu msiba, alikuwa akisikia kiti kikiburuzwa, anasema kwa sauti ndogo, "Kaanguka tena." Sikujua kama anamhurumia au anamhesabia. Nadhani vyote viwili.

Haba na haba, mzee akajua. Nilimwona akiileta ndege mpaka mwanzo wa njia ya kutulia, magurudumu ya nyuma yanagusa, pua inabaki juu kwa heshima zake, kisha inalala. Hakushangilia. Alimgeukia Meja, akasema, "Sasa iue injini pale ilipomfia."

"Hilo siliweki, mzee."

"Liweke."

Meja alinitazama. Nikatazama ukuta. Akaliweka: urefu ule ule, umbali ule ule, uzito ule ule, kwa kadiri wachunguzi wa jeshi walivyojua.

Hapo ndipo nyumba yetu ilipokuwa nzito kweli. Kila siku Baba aliketi, kila siku injini ikazima, kila siku shamba likamjia usoni. Aliwahi kushusha pua ili apate kasi, akaanguka mapema. Aliwahi kuiinua ili aivute, ndege ikapoteza nguvu ikadondoka kama jiwe. Aliacha kuteremsha magurudumu, akaongeza hatua chache, hazikutosha. Alikonda. Nilimwambia, "Baba, inatosha sasa," akanijibu, "Mimi sijui kuendesha vizuri, ndiyo maana. Yeye alijua." Alikuwa anaomba kosa liwe lake la mikono, lisiwe lile jingine.

Mwishowe alimpisha Meja kitini. "Endesha wewe."

Meja alivuta pumzi, akaendesha. Injini ikazima. Nimemwona mtu yule akitania watu misibani, lakini pale shavu lilikuwa linamcheza. Alifanya kila kitu alichokijua, akaangukia shamba lile lile, akaachia fimbo.

"Haifiki," alisema. "Hata angekuwa nani. Haifiki, mzee wangu."

"Yeye alijua haifiki?"

Meja aliisogeza fimbo pembeni. Baba akauliza tena, taratibu, kwa sauti anayomwulizia mtu njia.

"Rubani hujua mapema," Meja akasema. "Tena mnara wa kuongozea ndege ulimwambia aruke. Nilikuwepo, nilisikia redioni. Alijibu neno moja tu. Alisema, 'Naileta.'"

Sijui kama Meja alijua alichokuwa anakisema. Mimi nilijua. Neno lile ndilo kaka alilolipaza kutoka kona ya mtaa siku ya baiskeli, damu kwenye soksi, ili fundi viatu asiwe na wasiwasi. Baba alikaa kwenye kitanda cha kaka. "Nilimkunja angali mbichi," alisema, kisha akalia kilio cha mtu ambaye hajazoea kulia, kibaya, kinachokwama njiani. Nililia naye. Mama hakuja.

Siku nyingi kompyuta ilibaki imefunikwa kwa kitambaa. Kisha Jumapili moja mchana, tumemaliza kula, Baba alinyanyuka bila kunawa vizuri, akaingia chumbani, akaiwasha. Nilimfuata. Alivaa viatu. Aliipeleka ndege juu, akaizungusha, akaielekeza uwanjani, duara la kijani likiwaka. Injini ikazima.

Hakushusha pua wala hakuinua. "Iache, baba," alisema, akimwambia mtu asiyekuwepo. "Iache iende. Ni chuma tu. Iache, baba yangu."

Akauvuta mpini.

Ndege ikaendelea peke yake, ikainamisha bawa, ikalipiga shamba. Baba hakuutazama moshi. Skrini ilimwonyesha mtu mdogo anayening'inia chini ya mwavuli, anashuka polepole, na Baba alimtazama huyo, vidole juu ya kioo, mpaka miguu yake ikagusa ardhi.

Niligeuka, nikamkuta Mama mlangoni, mikono ina povu la sabuni. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Neno hili nilipaswa kumwambia siku ya baiskeli," Baba alisema bila kumtazama.

"Ulipaswa," Mama akasema.

Hakumdanganya ili kumpoza, na nilimheshimu kwa hilo. Lakini aliingia. Alivuka kizingiti kile, akajifuta mikono kwenye kanga, akakaa kwenye kitanda cha mwanawe karibu na goti la mumewe, na wakabaki wanamtazama yule mtu aliyesimama shambani, mzima, mwavuli umemwangukia miguuni.

Wiki iliyopita niliazima pikapu. Mvua ilikuwa inanyesha na njia ina matope. Baba alinifuata mpaka getini na ufunguo mkononi, nami nikajiandaa kusikia wimbo wake wa siku zote.

"Ikikusumbua," alisema, "iache hapo hapo njiani. Uje wewe."